Aliyesema "Sorry" Si Lazima Awe Amekosa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Neno nitakalo kulieleza leo ni neno dogo la Kiingereza lenye herufi tano tu, nalo ni "sorry". Hapana mtu katika shule hii asiyelijua. Mtoto wa Kidato cha Kwanza hulijua kabla hajajua kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza. Basi huenda mtu akauliza: mbona kiranja mzima anapoteza karatasi ya gazeti letu kwa neno linalojulikana na kila mtu? Jibu langu ni kwamba neno hili nimelitumia vibaya mimi mwenyewe, tena si kwa kulisema bali kwa kulisikia, na mtu mwingine akaumia kwa ajili yangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumatano jioni, nilikuwa nasimamia foleni ya maji penye bomba lililo nyuma ya bwalo. Mnajua foleni ile ilivyo siku ambazo maji hutoka kwa saa moja tu. Nilikuwa mwisho wa foleni nikiwazuia waliotaka kuwaruka wenzao, mara nikasikia mshindo. Nilipofika mbele nikaikuta ndoo ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili imelala chini, imepasuka toka mdomoni hata kitakoni, na maji yote yamekwenda. Kando yake alisimama mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, mmoja wa wale wageni tuwaitao njuka, ameshika ndoo yake tupu, anasema, "Sorry, sorry, sorry."

Nikauliza ni nani aliyeivunja. Mwenye ndoo akasema hakuona, maana alikuwa amegeuka akizungumza na rafiki yake, lakini yule amesema "sorry". Hilo likanitosha. Niliona shauri limekwisha kabla halijaanza, kwa kuwa mtu amekiri kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya foleni nzima. Mtoto akaanza kujieleza kwa Kiswahili. Nikamnyamazisha, nikamkumbusha ya kuwa katika shule yetu siku za kazi ni siku za Kiingereza, na kama ana la kusema, na aliseme kwa Kiingereza. Akafungua kinywa, akatafuta, asipate ila neno lile lile. Nikaandika jina lake. Alifyeka nyasi jioni tatu nyuma ya bweni, na shilingi elfu sita za ndoo akazitoa katika fedha aliyopewa na wazazi wake kwa matumizi ya muhula.

Jumapili yake mama mmoja wa jikoni aliniita nilipokuwa narudisha sahani. Akaniambia, "Mwanangu, yule mtoto mmemwonea. Nilikuwa dirishani nasugua sufuria. Ndoo ile iliwekwa ukingoni kabisa mwa saruji. Ilipojaa ikaanguka yenyewe. Yeye alikuwa mbali nayo, akamsogelea mwenzake kumpa pole."

Kumpa pole! Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa sababu ya huruma yake. Waliokuwa hawana huruma, wale waliosimama kimya wakitazama maji yakipotea, hawakupata adhabu yo yote.

Tangu hapo nimekuwa nikilichungua neno hili kama mtu achunguaye mwiba uliomchoma. Sisi Waswahili tunayo maneno mawili mahali ambapo Mwingereza analo moja. Tunalo "pole", na tunalo "samahani". La kwanza ni letu tangu asili, ni ndugu wa "upole" na "polepole". La pili limetoka Uarabuni, kama lilivyotoka "radhi". Kazi zake ni mbalimbali. Pole humpa mtu aliyepatwa na jambo, hata kama hukuhusika nalo hata kidogo: aliyefiwa, anayeumwa, aliyejikwaa, aliyeanguka mtihani, hata anayetoka shambani na jembe begani. Naye hukujibu "ahsante", au "nimekwisha poa". Samahani huombwa kwa mtu uliyemkosea, naye hajibu "ahsante". Hujibu "bila samahani", au hunyamaza mpaka hasira itulie. Hata mtoto wa miaka minne hachanganyi mambo haya. Lakini tukiingia darasani na kuvaa Kiingereza, maneno yote mawili yanatiwa katika mfuko mmoja wa "sorry", na anayeusikia mfuko ule ukigonga hajui ndani mna nini.

Katika maktaba yetu iko kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo jalada lake limeng'oka. Nililoliona humo lilinishangaza. Neno "sorry" halikuzaliwa katika kuomba radhi. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hili lilikuwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", maana yake maumivu au kidonda. Hilo "sar" ndilo leo huandikwa "sore", tunalolitumia tukimwambia mganga wa zahanati ya kuwa koo linauma. Sauti ya "a" ndefu ya zamani iligeuka kuwa "o", kama vile "stan" lilivyogeuka likawa "stone", yaani jiwe. Basi mtu aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu mwenye kuumwa moyoni, mwenye majonzi. Hapakuwa na habari ya kosa.

Wengi wetu hudhani ya kuwa "sorry" ni mtoto wa "sorrow", huzuni. Nami nilidhani hivyo. Sivyo, "sorrow" limetoka katika neno jingine, "sorg", lenye maana ya wasiwasi na masumbuko. Maneno haya hayakuzaliwa na mama mmoja, ila yamekaa jirani muda mrefu mno hata yakafanana sura, kama watu wasemavyo juu ya mume na mke waliozeeka pamoja. Na Wajerumani wanaye ndugu wa "sar" katika lugha yao, ni "sehr", neno ambalo zamani lilikuwa la maumivu, na leo maana yake ni "sana" tu. Kumbe maneno nayo husahau kwao.

Kutoka katika maumivu ya moyo neno letu likashika njia mbili. Moja ni kuumia kwa yaliyokupata wewe. Ya pili ni kuumia kwa niliyokutenda mimi. Njia ya pili ilikanyagwa sana, na katika karne ya 19 Waingereza wakawa wanalitamka peke yake kwa kuomba radhi, kama sisi tusemavyo "samahani". Kisha vikachipuka vijia vingine. Asiyesikia vizuri hulisema kwa kupandisha sauti, yaani "umesemaje?". Na kitu chenye hali ya "sorry" ni kitu duni, cha kutia huruma. Mwalimu wangu wa Hisabati amekwisha liita hivyo daftari langu.

Sasa nafika mahali ambapo sikubaliani na baadhi ya walimu wetu, nami nasema kwa heshima. Tumefundishwa ya kuwa mwenzako akijikwaa ukamwambia "sorry", umekosea Kiingereza, kwa kuwa si wewe uliyeweka jiwe. Ni kweli Mwingereza aweza kushangaa. Aweza kukuuliza kwa nini unamwomba radhi. Lakini Mwingereza huyo huyo akisikia umefiwa na babu yako atakuambia "sorry", wala hutamdhania kuwa ndiye aliyemwua babu. Basi neno la pole limo katika Kiingereza chake. Sisi tumelitumia mara nyingi zaidi tu, kwa sababu desturi yetu ni kutoa pole hata kwa jambo dogo. Wala si sisi peke yetu. Wanaijeria na Waghana nao hulisema kwa aliyejikwaa. Wayoruba wa Nijeria wanalo neno lao "pẹlẹ", ambalo hata kwa sauti linakaribia pole yetu, na wakiingia katika Kiingereza huingia na desturi yao kama sisi.

Tena nenda Australia. Huko wenyeji wa asili, wakisema Kiingereza, huziita shughuli za msiba "sorry business", yaani shughuli ya huzuni. Watu hukusanyika, huomboleza, huacha kazi zao. Hapana aombaye radhi pale, wamefiwa. Nikilinganisha na kamusi yetu iliyong'oka jalada, naona watu hao wanalitumia neno karibu na lilivyokuwa lilipozaliwa, kuliko sisi tulioambiwa tunakosea.

Na nchi hiyo hiyo inatuonyesha uzito wa upande wa pili. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 serikali za huko ziliwatwaa watoto wa wenyeji kwa wazazi wao, zikawaweka katika makao na kwa watu wengine ili walelewe kizungu. Taarifa kubwa juu ya jambo hilo ilitolewa mwaka 1997, na tangu mwaka 1998 watu wakaadhimisha tarehe 26 Mei kuwa siku ya kusema "sorry". Serikali ya wakati ule haikutaka kulisema. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha maneno ya kusikitika, lakini "sorry" halikuwamo. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Sydney kwa miguu, na juu yao ndege ikaliandika neno lile moja angani kwa moshi. Hata tarehe 13 Februari 2008 ndipo Waziri Mkuu Kevin Rudd aliposimama Bungeni akalisema, na watu wazima waliochukuliwa wakiwa watoto walilia. Fikirini: nchi nzima ilibishana miaka kumi juu ya herufi tano. Waliokataa hawakukataa kuona huzuni. Waliogopa kuonekana wamekiri kosa, na kukiri huleta madai ya fidia.

Kwetu Afrika Mashariki tumeyaona hayo karibu zaidi. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza Bungeni kwao ya kuwa inasikitika kwa mateso waliyopata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles alipokuwa Nairobi alisema ana huzuni na majuto makubwa, bali msamaha hakuuomba. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mbele ya wajukuu na vitukuu wa mashujaa wa Maji Maji waliouawa na Wajerumani katika vita vya mwaka 1905 mpaka 1907. Yeye aliomba msamaha waziwazi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda. Sisemi ya kuwa neno moja lamfufua Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Nasema tu kwamba msikilizaji aliyekaa pale alijua amepewa nini, pole au ombi la msamaha. Yule wa Nairobi alipewa pole.

Huenda mwalimu akaniuliza, sasa ndoo ya bombani ina uhusiano gani na wafalme? Uhusiano upo. Wakubwa wanajua ya kuwa neno hili lina vyumba viwili, nao huchagua kwa makini wasije wakaingia chumba cha kukiri. Mtoto wa miaka kumi na minne hajui kuchagua hivyo. Yeye huona mwenzake ameharibikiwa, akasema la moyoni.

Wenye Kiingereza wenyewe waliiona hatari hii wakaiwekea sheria. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitangulia mwaka 1986: maneno ya huruma yaliyosemwa baada ya ajali hayaletwi mahakamani kuwa ushahidi wa kukiri. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya fidia yenye fungu lisemalo ya kuwa kuomba radhi, peke yake, si kukiri uzembe. Mwaka ule ule jimbo la British Columbia huko Kanada likatunga sheria yake. Sababu ni kwamba watu walifikia hali ya kuogopa kumwambia majeruhi hata neno moja jema, wasije wakashtakiwa kwalo. Basi mimi bombani nilitoa hukumu ambayo hata hakimu wa Kiingereza asingeitoa, nami nilidhani natetea Kiingereza.

Lakini nikiwa mkweli, kosa langu kubwa halikuwa la tafsiri. Kosa langu kubwa lilikuwa pale nilipomzuia asiseme Kiswahili. Kama ningemwacha aseme sentensi mbili tu, "Kaka, si mimi, nilikuwa nampa pole," mambo yangekwisha pale pale, na nyasi zingefyekwa na mtu mwingine. Mtoto huyu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba. Alikuwa nasi miezi miwili na siku chache. Nilimtaka ajitetee kwa lugha ambayo hata mimi, baada ya miaka mitatu na zaidi, sina hakika ningeweza kujitetea kwayo nikiwa nimeogopa.

Mimi siipingi kanuni ya Kiingereza. Mtihani wetu uko mlangoni, na asiyezoea kukisema hatakiandika. Wazazi wetu wanatoa fedha kwa shida ili tukijue. Lakini tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Mwizi wa kuku akifikishwa mbele ya hakimu hujitetea kwa Kiswahili, hupewa nafasi, na maneno yake huandikwa. Je, mwanafunzi aliyeshutumiwa kuvunja ndoo apewe haki ndogo kuliko mwizi wa kuku? Naomba kwa Mkuu wa Shule, na kwa walimu wa zamu na wa nidhamu, kanuni yetu iongezewe maneno machache: mtu akishutumiwa jambo, na ajieleze kwa lugha aiwezayo, siku yo yote, wala asiandikwe kwa kusema Kiswahili wakati huo. Na sisi viranja tusiandike "amekiri" katika daftari kwa sababu ya "sorry". Tuulize swali la pili: "Wewe ulifanya nini?" Swali hilo halichukui hata nusu dakika. Mimi sikuliuliza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilipenda kuonekana mwepesi wa kuamua.

Wapo rafiki zangu waliosoma makala haya kabla hayajapelekwa kwa mhariri wakasema ya kuwa njuka watapata upenyo, kila mtu atajidai hajui Kiingereza. Labda wachache watafanya hivyo. Mimi naona afadhali wachache wanidanganye kwa Kiswahili kuliko mmoja aonewe kwa Kiingereza.

Imebaki kueleza jinsi nilivyokwenda kwa yule mtoto, maana wengi katika bweni wamesikia nusu tu. Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, nilimkuta kwenye kamba za kuanikia nguo. Siku ilikuwa ya Kiingereza, nami ni kiranja, basi nikamwambia kwa Kiingereza ya kuwa "I am sorry". Akanitazama, akatabasamu kidogo, akajibu kwa Kiingereza, ahsante. Akaendelea kuanika shati lake. Alidhani nampa pole ya kufyeka nyasi. Nilisimama pale kama mjinga. Nikarudia, naye akashukuru mara ya pili. Mwisho nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo watu waliisikia: "Nisamehe. Ndoo hukuivunja wewe, nami nilikuadhibu bila kukusikiliza." Ndipo tabasamu likaondoka usoni pake, akainama, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kisha akasema, "Sawa, kaka." Kiranja mwenzangu aliyekuwa akipita aliniandika kwa kusema Kiswahili, na sikumlaumu.

Shilingi elfu nne nimekwisha kumrudishia. Elfu mbili zilizosalia atazipata tukirudi toka likizo. Jioni tatu alizofyeka hazirudi, ila zamu yake ya kudeki bweni katika mwezi wa nne niliifanya mimi.